Sentimita Thelathini za Mjomba

Saa nne ya usiku ilipopita, Mama Cherehani alianza kufumua upindo wa sketi ya shule ambao alikuwa ameushona na kuufumua mara mbili jioni ile ile. Sketi haikuwa na kasoro. Mikono ndiyo iliyokuwa inatafuta kazi, maana macho yalikuwa mlangoni na masikio yalikuwa barabarani.

Binti yake aliondoka saa moja asubuhi kwenda ofisini kama kawaida. Saa sita mchana alituma ujumbe wa maneno manne: "Nimeitwa saiti. Nitachelewa kidogo." Tangu hapo simu haikupatikana tena. Mama alikuwa amekwisha kumwona mtoto wake amegongwa na gari, ameporwa kichochoroni, ameanguka kutoka ghorofani, na katika kila ajali alikuwa amevaa blauzi ile ile ya bluu aliyomshonea yeye mwenyewe.

Ukuta ukagongwa. Alikuwa jirani.

"Mama Cherehani! Hiyo mashine yako inalala saa ngapi? Au unaishonea dunia sanda?"

"Namsubiri mtoto."

"Mtoto yupi? Yule wa miaka ishirini na minne? Huyo hasubiriwi, mama, huyo anasalimiwa akifika. Zima taa tulale."

Hakuzima taa. Ila aliacha kukanyaga mashine, akashona kwa mkono.

Ilikuwa karibu saa sita binti alipoingia. Viatu vimejaa vumbi la saruji, macho mekundu, mkoba wa kompyuta ameukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alisalimia, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akasema bila kumtazama mama yake:

"Daktari amejigonga kichwa. Ameshonwa nyuzi sita."

"Daktari gani?"

"Mwenye zahanati, ile ya ghorofa moja tuliyomchorea. Leo alikuja kuonyeshwa ngazi, zege limekauka na mbao zimetolewa. Alikuwa anapanda huku anaongea, akageuka nyuma kumwambia msimamizi kitu, kuinua kichwa, akakutana na bimu, ule mhimili wa zege unaobeba sakafu ya juu." Akagusa paji lake la uso. "Wagonjwa wa kubebwa kwa machela hawawezi kupita pale, Mama. Yeyote anayebeba machela atagonga kichwa. Kazi imesimamishwa. Ile bimu itavunjwa."

"Poleni. Na wewe umehusikaje?"

"Ni kosa langu. Nilibadilisha kimo cha sakafu ya juu bila kuangalia ngazi."

Aliyasema haraka, kwa mfululizo, kama mtoto anayetoa shairi mbele ya darasa. Mama Cherehani alikata uzi kwa meno. Alikuwa amemlea huyu msichana peke yake, akamfahamu hadi pumzi. Mtoto huyu akikosea kweli huwa anaeleza mno, anarudia, anachora hewani kwa kidole ili ueleweshwe kosa lilipoanzia. Leo alisema sentensi mbili tu.

"Umetoka wapi saa hizi?"

"Kwa mjomba."

"Mjomba anasemaje?"

"Anasema yatapita." Akainuka kwenda kulala. "Jumatatu saa tatu kuna kikao. Nitasaini karatasi, nitaonywa, basi."

Mlango wa chumba ukafungwa polepole. Mama akabaki na sindano mkononi, na kitu kikaanza kumtembea moyoni, kwa sababu yeye alikuwepo siku ile kimo kilipobadilishwa. Alikuwepo, amesimama juu ya kiti, na aliyekuwa mbele ya kompyuta hakuwa binti yake.

Ili jambo hili lieleweke inabidi turudi nyuma kidogo.

Mama Cherehani aliacha shule darasa la sita, mwaka mama yao alipofariki. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wake wa kiume ana mitano. Akaenda kujifunza ushonaji kwa mama mmoja mkali aliyekuwa anawapiga wanafunzi wake vidole kwa mkasi. Mdogo wake alikulia chini ya meza ya cherehani, akichezea vipande vya kitambaa, na kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa rula ya mbao ya kukatia. Alipima kila kitu: paka, mkate, mguu wa dada yake. Watu wakamwita Rula, na jina likamganda hadi utu uzima, hata wenzake kazini wakamwita hivyo hivyo. Alisoma hadi akawa mchoraji ramani, na sasa alikuwa kiongozi wa wachoraji katika ofisi ya msanifu majengo mmoja wanayemwita Mkuu.

Rula ndiye aliyemtafutia mpwa wake nafasi ya mafunzo pale. "Dada, usiwe na wasiwasi," alisema siku hiyo. "Mtoto wako ni mtoto wangu." Miaka mitatu ya mafunzo, kisha ofisi inaandika barua, na kwa barua hiyo mtu anapata cheti cha kufanya kazi popote. Ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Mama hakuwa mtu wa kompyuta, lakini alikuwa mtu wa kuuliza. Jioni nyingi binti alifungua kompyuta kwenye meza ya kukatia, na mama akachungulia juu ya bega lake. Aliona nyumba zikisimama ndani ya kioo, zikizungushwa kama mtu anayejaribu gauni.

"Kila ukuta una mguu na kichwa," binti alimweleza siku moja. "Kichwa unaweza kukifunga kwenye sakafu ya juu. Ukifanya hivyo, sakafu ikishuka, ukuta unashuka nao wenyewe. Au unaweza kukiacha kina namba yake. Hapo hata uishushe sakafu mpaka chini, huo hausogei."

"Ni kama mfuko wa sketi," mama akasema.

"Mfuko umeingiaje?"

"Kuna mfuko unaoning'inia kutoka kiunoni, na kuna mfuko uliobandikwa juu ya kitambaa. Ukifupisha sketi kutokea kiunoni, wa kwanza unashuka na kiuno. Wa pili hauna habari. Mteja akitaka kuingiza mkono, anaukuta umempanda kiunoni. Ndiyo maana nikifupisha nguo naigeuza nje ndani, nakagua mshono mmoja mmoja."

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini kesho yake aliwasimulia ofisini, na tangu siku hiyo, kila kimo kilipobadilika katika ramani, yeye alikuwa anaigeuza nyumba yote "nje ndani" kama alivyoita, anakagua kipande kwa kipande. Wenzake walimtania kwamba anashona majengo.

Sasa tuje kwenye Ijumaa yenyewe, siku kimo kilipobadilishwa. Ilikuwa miezi miwili kabla ya daktari kujigonga. Mkuu alitaka mapazia mapya kwenye ofisi nzima, na Mama Cherehani alikwenda kupima madirisha. Alipofika chumba cha wachoraji hakumkuta binti yake. Alikuwa ametumwa na mjomba wake duka la kuchapishia kuchukua ramani za kazi nyingine. Mama akapanda kiti, akatandaza futi yake kwenye dirisha lililo nyuma ya meza ya binti. Dakika chache baadaye Rula akaingia na simu sikioni.

"Ndiyo, Daktari. Ndiyo. Tupunguze kimo ili tofali zipungue, nimekuelewa. Mbona jambo dogo! Leo leo jioni msimamizi anazo mkononi." Akakata simu, akaketi kwenye kiti cha mpwa wake, kwani kompyuta ilikuwa wazi na kazi ya zahanati ilikuwa imefunguliwa juu yake.

"Si ungemsubiri mwenyewe?" mama aliuliza kutoka juu ya kiti. "Anarudi sasa hivi."

"Akirudi atataka siku nzima ya kukagua. Huyo mwanao anaogopa ramani utafikiri inauma. Hii kazi ni ya dakika mbili, Dada. Tazama."

Akatazama. Pembeni mwa nyumba kulikuwa na mstari na namba mia tatu na ishirini. Rula aliifuta, akaandika mia mbili na tisini. Akabonyeza. Sakafu ya juu ikashuka, na kuta zote za chini zikajifupisha kwa pamoja, kwa utii, kama wanafunzi walioambiwa waketi. Ilikuwa nzuri kuitazama. Lakini Mama Cherehani, ambaye macho yake yalikuwa yametafuta kasoro katika nguo za watu kwa zaidi ya miaka thelathini, aliona kitu kimoja kimebaki nyuma. Katikati ya nyumba, ncha ya ngazi ilikuwa imetokeza juu ya sakafu, kama gagulo linalochungulia chini ya gauni.

"Na ile mbona imechungulia?"

"Ipi?"

"Hiyo ngazi. Vingine vyote vimeshuka, yenyewe imebaki."

Rula alicheka, akazungusha nyumba upande wa pili, ngazi ikajificha nyuma ya ukuta. "Dada, hii siyo sketi. Pima mapazia yako." Akahifadhi, akatuma, akafunga. Binti aliporudi akaambiwa ramani mpya imekwisha kwenda saiti na imekaguliwa. Na kwa kuwa aliyemwambia alikuwa mjomba wake na kiongozi wake, aliamini.

Huko saiti, ncha ya ngazi ilipokuja juu kuliko sakafu, mafundi walikuna vichwa, wakasema "wasomi hawa!", wakaondoa vipandio viwili vya juu na pengo wakalijaza zege. Hakuna aliyeangalia chini. Bimu ilikuwa imeshuka na sakafu yake sentimita thelathini. Vipandio vya chini havikushuka hata kimoja. Kwenye kipandio cha tatu, mahali ambapo mtu mrefu angepita na kofia yake, sasa alipita mtoto wa shule.

Na kompyuta ile ilikuwa imeandika, kama inavyoandika kila kitu, kwamba mabadiliko yamefanywa na mwenye kompyuta.

Alfajiri Mama Cherehani alifungua mkoba wa binti yake. Halikuwa jambo zuri na alilijua. Ndani aliikuta karatasi. Akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno. "Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kubadilisha kimo cha jengo bila idhini ya kiongozi wangu... nakubali ofisi isitishe mafunzo yangu." Akarudia neno moja kwa midomo. Isitishe. Halikuwa onyo. Ilikuwa miaka mitatu kutupwa jalalani.

Akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha binti, karatasi mkononi.

"Siku ile nilikuwa juu ya kiti," alisema. "Nilimwona."

Binti alivuta shuka hadi mdomoni. Halafu yakatoka yote, pamoja na kidole kikichora hewani. Mjomba alimwomba. Alimwambia, beba hili, wewe ni mwanafunzi, mwanafunzi anasamehewa. Mimi nikitajwa nimekwisha, na wanangu bado wadogo. Alimwandikia karatasi yeye mwenyewe. Akamwambia zaidi ya yote asimwambie mama.

"Na neno hili hukuliona?"

"Nililiona. Akasema hilo ni la kuandika tu. Akasema Mkuu ni rafiki yake, atalizungumza." Akafuta macho kwa shuka. "Akasema wewe una presha. Akasema nikimtaja nitakuua."

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda. Ni kweli alikuwa na presha. Rula ndiye aliyempeleka hospitali siku ilipogunduliwa, akamshika mkono kwenye foleni. Na sasa ameichukua ile presha na kumzibia nayo mtoto mdomo.

Jumamosi hiyo hiyo alikwenda kwake. Wifi alimkaribisha kwa furaha kubwa mno, furaha ya mtu anayejua mgeni amefuata nini, kisha akakumbuka ana nguo za kuanua. Rula akatoka chumbani, akaona karatasi mkononi mwa dada yake, na hakujaribu kubisha. Alipiga magoti. Mwanamume wa miaka arobaini na moja, na kitambi chake, akapiga magoti juu ya zulia.

"Dada, niliogopa. Nisamehe. Shetani alinipitia."

"Alipita na kalamu? Maana hii umeiandika vizuri."

"Mchuma janga hula na wa kwao, Dada."

"Hula na wa kwao. Hawapakulii wao, yeye akanawa mikono." Akaipunga ile karatasi. "Mimi nilikuuliza. Nilikuuliza ile ngazi mbona imechungulia. Ukanicheka."

Rula akainamisha kichwa. "Jumatatu nitasema mwenyewe. Mbele ya Mkuu na Daktari. Naapa kwa kaburi la mama. Mtoto hatasaini kitu."

Akamwinua. Angefanya nini? Alikuwa amemwinua huyu tangu ana miaka mitano. Akarudi nyumbani, akaichana karatasi, akamwambia binti, "Mjomba wako amekubali," na usiku huo alilala. Ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine: kwamba alilala.

Jumatatu alipanda na binti yake hadi ofisini, mapazia ameyabeba begani. Kikao kilikuwa chumbani kwa Mkuu. Joto lilikuwa kali na mlango uliachwa wazi nusu, na yeye akaanza kutundika pazia kwenye dirisha la ukumbini, hatua chache kutoka pale. Hakujificha. Kila aliyepita alimwona. Lakini watu hawamwoni mshona mapazia.

Alisikia sauti ya Daktari ikilalamika kwamba wagonjwa wake si vyura, hawawezi kupanda ngazi kwa kuchuchumaa. Alisikia Mkuu akiuliza, "Sasa, nani alibadilisha kimo?" Mama Cherehani akashikilia pazia, akingoja.

"Mkuu," sauti ya Rula ikasema, "ni vigumu kwangu, maana huyu ni mpwa wangu. Lakini kazi ni kazi. Kompyuta ni yake, jina ni lake. Mimi siku ile nilikuwa kwenye simu tu na Daktari. Nilimpa ujumbe, nikamwambia akague kwanza. Vijana hawa wana haraka."

Pini mbili zilikuwa mdomoni mwa Mama Cherehani. Moja ilimchoma ulimi, akaonja damu. Hakupiga kelele. Alizitoa zote mbili, akazichomeka kwenye pazia, akashuka kitini, akausukuma ule mlango.

Wote wakageuka. Binti yake alikuwa amesimama kando ya dirisha, mikono nyuma. Daktari alikuwa na bandeji kwenye paji la uso. Rula alimtazama dada yake mara moja tu, kisha akatazama meza.

"Samahani, wakubwa," mama alisema. "Mimi ndiye ninayeshona mapazia. Pia ni mama wa huyu, na ni dada wa huyu. Ijumaa ile nilikuwa chumba cha wachoraji, juu ya kiti, napima dirisha. Mwanangu hakuwepo. Aliyefuta mia tatu na ishirini akaandika mia mbili na tisini ni mdogo wangu."

"Mkuu, usimsikilize," Rula akasema, na akacheka kidogo, kile kicheko cha kuwaonea watu huruma. "Dada yangu huyu hajui hata kuwasha kompyuta. Aliishia darasa la sita. Ni uchungu wa mama tu."

Hapo ndipo lilipomwingia. Karatasi ile, na kile kiapo, alikuwa amevitafutia udhuru: woga, watoto wadogo, shetani. Lakini darasa la sita! Darasa hilo aliliacha kwa ajili ya nani? Alimtazama mtu huyu aliyevaa shati safi, akamtafuta ndani yake yule mtoto wa chini ya meza, hakumpata.

"Ni kweli sijui kuiwasha," akamwambia Mkuu. "Lakini ilikuwa imewashwa. Sakafu iliposhuka, kuta zilishuka, ngazi ikabaki. Ncha yake ilitokeza juu katikati ya nyumba. Nikamuuliza mbona imechungulia, akaniambia hii siyo sketi, akaizungusha nyumba, nisiione. Wewe ni mjuzi. Hayo mtu aliyeshinda nyumbani anashona angeyajulia wapi?"

Mkuu aliivuta kompyuta ya binti, akafungua kazi ya zahanati, akairudisha kama ilivyokuwa kabla ya Ijumaa ile. Akaandika mia mbili na tisini. Akabonyeza. Daktari alisogea kuangalia, mkono kwenye bandeji yake. Mama hakuhitaji kusogea; alijua walichokuwa wanakiona.

"Hiyo hapo," Daktari akasema taratibu. "Imechungulia kweli."

"Kompyuta inasema ilikuwa saa kumi na dakika kumi," Mkuu akasema. "Mlinzi alete kitabu chake cha kutoka na kuingia."

Kitabu kikaletwa. Kilikuwa na doa la chai na mwandiko wa mlinzi mwenye haraka, lakini kilisomeka. Ijumaa ile, mchoraji mwanafunzi alitoka saa tisa na nusu kwenda kuchapisha. Akarudi saa kumi na moja kasoro dakika tano. Mbele ya kutoka kwake, kwenye safu ya aliyemtuma, kulikuwa na saini. Ilikuwa ya Rula.

Mkuu alikifunga kitabu. "Mama, na wewe binti, tupisheni kidogo. Wewe baki."

Wakatoka. Safari hii mlango ulifungwa mpaka mwisho.

Ukumbini palikuwa na benchi moja. Wakaketi. Pazia lililotundikwa nusu lilipepea upande mmoja, upande mwingine dirisha lilikuwa tupu na jua likawapiga miguuni. Binti aliuchukua mkono wa mama yake.

"Unajisikiaje? Kichwa kinauma?"

"Hakiumi."

"Ulimi una damu, Mama."

"Ni pini."

Ndani sauti zilipanda, zikashuka, zikapanda. Hakusikia maneno, na hakutaka kuyasikia. Watu wa ofisini walipita wakiwaangalia kwa pembeni. Mwanamke mmoja wa mapokezi aliwaletea maji, akamgusa mama begani bila kusema kitu, akaenda zake. Mama Cherehani aliwaza kwamba leo jioni wifi atapiga simu. Aliwaza watoto watatu wa Rula, wanaomwita shangazi na kumwachia yeye vifungo vyote vinavyokatika. Aliwaza kama alikuwa amepata mtoto mmoja na kuwapoteza wanne, baba yao akiwa wa kwanza, na kama huo unaitwa ushindi.

"Mama," binti alisema chini chini, "mjomba angenyamaza tu. Angenyamaza, ningesaini. Niliichapa upya ile karatasi. Iko mkobani."

Mama akageuka. "Niliichana mimi mwenyewe! Nikakwambia amekubali!"

"Uliniambia. Lakini Jumapili alinipigia simu. Akasema nisikuvunje moyo, nije nayo tu."

Jumapili. Siku moja baada ya magoti na zulia na kaburi la mama. Kwa hiyo hakushindwa asubuhi hii mbele za watu, kwa woga, kama mwanadamu anavyoweza kushindwa. Alikuwa amekwisha kupanga. Na huyu mtoto alikuwa amejua tangu jana, akala naye chakula cha usiku, akamtakia usiku mwema. Mama Cherehani aliutoa mkono wake, polepole, si kwa hasira. Alihitaji kwa muda kidogo uwe wake peke yake.

Kitasa kikazungushwa. Mlango ukafunguka, Rula akatoka. Hakuwa na kadi ya ofisi shingoni. Alisimama mbele ya benchi, na kwa kitambo wakatazamana kama watu waliowahi kuonana mahali na hawakumbuki ni wapi.

"Umeniuza, Dada," akasema.

Mama Cherehani alimtazama akishuka ngazi, kipandio kwa kipandio, mkono ukutani, hadi kichwa kilipopotea.

"Mchoraji!" Mkuu aliita kutoka ndani. Mlango ulikuwa bado wazi. "Njoo na kompyuta yako. Bimu inavunjwa keshokutwa, tunataka kimo kipya leo. Na safari hii utachukua siku nzima."

Binti alisimama, akaukumbatia mkoba, akangoja mama yake aseme neno.

"Nenda," mama akasema. "Anza na ngazi."